Nyima Sanneh Mara Mbili

"Nyima Sanneh!" aliita kijana wa ofisi ya mradi wa maji, na wanawake wawili wakaitika kwa pamoja.

Kijana aliinua macho kutoka kwenye kompyuta aliyoiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jina lake Ousainou Njie, mtoto wa mjini, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata kitunguu. Mbele yake, langoni mwa bustani ya Farokoto, wanawake walikuwa wamepanga foleni tangu jua halijawa kali. Kila aliyeitwa alipewa kadi ndogo ya plastiki yenye tundu la kupitisha uzi. Ukiigusisha kadi kwenye bomba la kipande chako, maji yanatoka. Usipokuwa nayo, unarudi kwenye kisima cha zamani, ambacho kwa ukame ule kilikuwa kinatoa matope na vyura, tena vyura wenyewe wamekonda.

"Nimeita Nyima Sanneh mmoja," alisema.

"Ndiye mimi," alisema yule mnene.

"Na mimi pia," alisema yule mwembamba.

"Ua wa nani?"

"Wa Bakary Touray," walijibu wote wawili.

"Namba ya simu?"

Wakataja namba moja, maana ua mzima ulikuwa na simu moja, ya Bakary, nayo betri yake ilizuiwa na mpira wa kufungia pesa. Foleni ikaanza kucheka. Hakuna aliyekuwa hawajui. Nyima mnene alikuwa mke mkubwa wa Bakary, mwembamba mke mdogo, na wote wametoka kwenye ukoo wa Sanneh ingawa vijiji vyao havikuwahi hata kuazimana chumvi. Hapa kwetu mwanamke akiolewa haliachi jina la baba yake mlangoni. Watu walisema Bakary alilitafuta jina lile kwa makusudi, ili hata akiota usingizini na kutamka jina la mwanamke, asiamke na jeraha.

"Sasa nimeelewa," alisema Ousainou, na sauti yake ikawa ya mwalimu mkuu. "Mtu mmoja amejiandikisha mara mbili."

Aliigeuza kompyuta ili waione, kana kwamba kuona kungewasaidia. Alikuwa ameunda fomu, akaeleza. Ukibofya kishale hiki kidogo, majina yote ya wanabustani yanashuka kama ngazi, unachagua lako, kadi inasajiliwa. Lakini mwanzoni ngazi hiyo ilikuwa na majina yanayojirudia, aibu tupu. Basi akaiandikia kompyuta amri: ipite orodha yote, jina lenye ua uleule na simu ileile likishatokea mara moja, likija tena lisiingie.

"Sasa orodha ni safi," alisema. "Hakuna anayejirudia."

"Sisi hatujajirudia, mwanangu," alisema Nyima Mdogo. "Kila mmoja alizaliwa siku yake na mama yake."

"Mama, fomu inaonyesha mtu mmoja mwenye vipande viwili. Huo ni wizi. Sisemi ni wewe. Nasema ni wizi."

Neno hilo lilitua katikati ya foleni, na vicheko vikakoma. Kaddy Fatty, rais wa kikundi cha bustani, mwanamke ambaye hata akisalimia huwa kama anakata hukumu, alisogea mbele akamshika Nyima Mdogo kiwiko.

"Toka kwenye foleni, Bi Mdogo. Kompyuta imeshaamua. Imesema wa pili aondoke. Wa pili katika ua ule ni nani asiyemjua?"

Nyima Mkubwa alisogea mbele. Alinyoosha mkono, akapokea kadi, akasema bismillahi kwa sauti kama mtu anayekaribishwa chakula. Kisha akaining'iniza shingoni.

"Kipande kisicho na jina kitapewa mtu mwingine Alhamisi," alitangaza Kaddy, "wakubwa watakapokuja kuzindua mabomba." Kila mtu aliona macho yake yalikokwenda: kwenye matuta ya Nyima Mdogo, vitunguu vyake vimefura, vimebakiza maji ya wiki chache tu kuwa tayari. Kaddy alikuwa na mkwe mpya, na mkwe mpya hakuwa na kipande.


Jioni hiyo ua wa kina Touray ulikula mchuzi wa karanga kwenye bakuli moja, kila mtu kwenye upande wake kama mipaka ya nchi. Bakary alikula akitazama ukuta.

"Mume wangu, umesikia?" aliuliza Nyima Mdogo.

"Nimesikia. Hata ng'ombe wamesikia."

"Utasema nini?"

"Niseme nini? Kompyuta si mke, kwamba nitaiita pembeni niisuluhishe."

"Wewe ulisema jina hili litakurahisishia maisha," alisema Nyima Mkubwa akichagua kipande cha samaki. "Haya. Limekurahisishia."

"Tusigombane kwenye chakula," alisema Bakary. "Maji ya Mkubwa yapo. Tutakula vya Mkubwa, tutauza vya Mkubwa. Ua ni mmoja."

"Na ada ya mtihani ya Sarjo utailipa kwa vya Mkubwa?"

Sarjo, binti wa Nyima Mdogo, aliacha kutafuna. Nyima Mkubwa alitazama ndani ya bakuli kama mtu aliyedondosha pete.

"Vyangu vina kazi yake," alisema. "Vinanunua mabati. Mwaka jana mvua ilinikuta kitandani, nikalala na beseni kifuani kama mtoto mchanga. Mwaka huu nataka kulala kavu. Huo nao ni wizi?"

"Mimi sijakuita mwizi. Mimi ndiye niliyeitwa."

"Basi nenda kamwambie aliyekuita."

Nyima Mdogo alinawa mkono kabla hajashiba. "Kesho naenda kumwagilia," alisema.

"Kwa maji gani?"

"Ya vyura. Mpaka Alhamisi vitunguu ni vyangu. Na baada ya Alhamisi vitakuwa vyangu vilevile, ila nitakuwa navimwagilia huku napigana."


Asubuhi Nyima Mkubwa alifika bustanini akiwa amevaa kitambaa kipya cha kichwa, kwa heshima ya bomba. Aligusisha kadi. Taa ndogo ikawaka nyekundu. Akaifuta kadi kwenye kanga yake, akagusisha tena. Nyekundu. Akaitemea mate kidogo, akaisugua. Nyekundu vilevile, na bomba halikutoa hata kikohozi.

"Vipi, Bi Mkubwa?" aliuliza jirani yake wa kipande, Fatou Manneh, akiwa na mtoto mgongoni.

"Bomba langu ni vivu. Nalibembeleza."

Alisubiri wenzake warudi nyumbani kupika, ndipo akazunguka na kadi yake kama mgeni anayegonga milango asiyoijua. Bomba hili halikumtaka, na lile halikumtaka. Alipofika kwenye bomba la kipande cha Nyima Mdogo, taa ikawa kijani, na maji yakaruka yakamlowesha mpaka magotini.

Alifunga haraka. Alisimama pale, miguu ndani ya tope zuri, akakumbuka siku ya kuandikishwa. Yeye ndiye aliyesema, tangulia wewe, mimi nafungia kuku kwanza. Nyima Mdogo akatangulia, akaandikwa pamoja na kipande chake. Yeye akaja baadaye na unyoya kwenye nywele. Jina likishatokea mara moja, likija tena lisiingie. Kompyuta haikujua nani mke mkubwa. Ilijua tu nani alifika mapema.

Mtu mwingine angekimbia kusema. Nyima Mkubwa aliificha kadi ndani ya kilemba, akanyamaza. Alinyamaza siku hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata hiyo, huku majani ya vitunguu vyake yakiinama moja moja kama wazee kwenye khutba ndefu. Na kila asubuhi alimwona mke mwenzake akipita na ndoo ya matope kichwani, shingo imenyooka, kanga imelowa mgongo mzima, akipita hatua tatu kutoka kwenye bomba ambalo lilikuwa lake. Nyima Mkubwa aliona yote hayo na bado akanyamaza. Nasema hivyo kwa sababu watu wa Farokoto wakisimulia siku hizi humfanya malaika. Hakuwa malaika. Alikuwa mwanamke anayeogopa kuchekwa na Kaddy Fatty.

Walikutana kisimani. Nyima Mdogo alikuja na ndoo akamkuta mwenzake amejikunja juu ya tundu, anavuta kamba.

"Una kadi na unachota vyura?"

"Nina hamu nao."

"Bi Mkubwa."

Nyima Mkubwa aliachia kamba. Akafungua kilemba, akatoa kadi, akamtupia kifuani. "Chukua. Ni yako. Inafungua bomba lako, langu haliitaki. Wewe ulitangulia kuandikwa. Niliyefutwa ni mimi."

Nyima Mdogo alitazama kadi, akamtazama mwenzake, akaanza kucheka. Alicheka akakaa chini, akacheka akashika ubavu, na maji ya macho yakamtoka, sehemu yake ikiwa ni kicheko kweli.

"Rudia," alisema.

"Sirudii."

"Rudia tu mara moja, nitakubebea ndoo mpaka mvua zije."

"Niliyefutwa ni mimi! Umefurahi? Kawaambie. Mwambie Kaddy. Mpigie na ngoma."

Nyima Mdogo akaacha kucheka. Aliifuta kadi, akainuka, wakaenda bustanini. Aligusisha, taa ikawa kijani. Alimwagilia matuta yake kwanza, yote, taratibu, maana naye hakuwa malaika. Kisha akajaza ndoo na kuzivusha kwenye kipande cha mwenzake, moja baada ya nyingine. Lakini kila kadi ilikuwa na maji yake ya siku, na walipofika tuta la pili la Nyima Mkubwa, bomba likakauka.

"Haitoshi," alisema Nyima Mkubwa.

"Kesho tunakwenda mjini."

"Wewe unakwenda kutafuta nini? Maji unayo."

"Yule kijana ameniita mwizi mbele ya foleni," alisema Nyima Mdogo. "Na nikiichukua hii kadi nikakaa kimya, atakuwa amesema kweli."


Ofisini mlinzi aliwauliza wanauza nini. Walisema hawauzi kitu. Akawaambia wauzaji wanapita mlango wa nyuma. Walipita mlango wa mbele, wakakaa kwenye benchi chini ya feni isiyozunguka, na watu waliokuja baada yao wakaingia kabla yao, mpaka Nyima Mkubwa akavua viatu, akalala kwenye benchi na kuanza kukoroma kwa makusudi. Waliitwa upesi.

Ousainou Njie aliwasikiliza vizuri, hilo lazima lisemwe. Alibofya kishale, ngazi ya majina ikashuka, akakuna kidevu.

"Kwa hiyo kweli mko wawili."

"Tulikwambia langoni," alisema Nyima Mdogo. "Tulikuwa wawili siku ile pia."

"Basi ni rahisi. Tunaandika Nyima Sanneh 1, na Nyima Sanneh 2."

"Nani 2?" waliuliza pamoja.

"Yeyote."

"Yeyote hayupo katika ua wetu," alisema Nyima Mkubwa. "Mimi nimeolewa miaka mingi kabla yake, leo niwe wa pili?"

"Na mimi nimeitwa wa pili tangu siku niliyoshusha mzigo wangu pale," alisema Nyima Mdogo. "Nyumbani nimekubali, ni ndoa. Kwenye vitunguu sikubali."

"Akina mama, ni namba tu. Mbona kina Fatou Manneh watatu wamekubali? Wao ni A, B na C. Hata C hakulalamika."

"Fatou wa tatu?" Nyima Mkubwa alicheka. "Mwanangu, yule hata kuku wake wanamfokea."

Ousainou alitazama saa. Kisha akalegeza sauti, kama mtu anayetoa zawadi. "Rais wenu amenipigia simu. Anasema wewe, mama mkubwa, unalo jina jingine. Kijijini wanalijua. Tukiliandika hilo, mambo yamekwisha. Amesema unaitwa Jalala."

Nyima Mdogo alimshika mwenzake mkono, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata siku za sikukuu.

"Jina hilo nililipewa na kanyaleng," alisema Nyima Mkubwa. "Unawajua? Wanawake tunaozika watoto. Nilizika wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne alipokuwa tumboni, wenzangu wakanivika gunia, wakanilisha chini kama mbwa, wakaniita Jalala, ili kifo kikipita kione ni takataka tu, kisisimame. Kilisimama. Lakini jina nililibeba kwa sababu lilikuwa la kumpigania mtoto. Nilibadili jina langu mara moja kwa ajili ya uhai, kijana. Sibadili mara ya pili kwa ajili ya bomba."

Ousainou aliinamisha uso. Alikuwa kijana wa watu, amelelewa. "Samahani, mama. Sikujua."

"Sasa umejua. Weka jina langu."

"Fomu haikubali jina mara mbili."

"Nani aliyeikataza?" aliuliza Nyima Mdogo.

"Mimi." Alisema kwa sauti ndogo. "Mwaka jana, kijiji kingine, mtu mmoja alipata kadi tatu. Mkuu wangu alinisimamisha mkutanoni, akasoma orodha yangu kwa sauti, jina moja, tena lilelile, tena lilelile. Watu walicheka mpaka wakamwaga chai. Nilikesha nikaandika ile amri. Hairudii tena, nilijiapia."

"Kwa hiyo ulichekwa wewe," alisema Nyima Mdogo, "ukatufuta sisi."

"Ni mistari michache tu ya amri, mama, lakini Alhamisi mkuu anakuja kuiona orodha. Nikiiondoa leo, itachafuka tena mbele yake. Baada ya uzinduzi tutaona."

"Baada ya uzinduzi kipande kina mkwe wa Kaddy ndani yake."

Nyima Mkubwa alivaa viatu vyake, kimoja, kisha kingine, bila haraka.

"Alhamisi," alisema. "Vizuri sana. Utukute."


Alhamisi wakubwa walikaa chini ya turubai, mkuu wa ofisi katikati amevaa miwani myeusi, soda mbele yake. Ousainou alikuwa ameweka kompyuta yake kwenye meza yenye kitambaa, siyo ndoo tena. Kaddy Fatty alikuwa anaanza hotuba ya tatu ya shukrani alipokatizwa na ngoma.

Haikuwa ngoma ya ngozi. Ilikuwa ngoma ya kanyaleng: vibuyu vimefunikwa juu ya maji ndani ya beseni, vinapigwa kwa viganja, na maji yenyewe waliyateka kwenye kisima cha vyura. Wanawake walitokea nyuma ya ukuta wa bustani wakicheza. Mmoja amevaa suruali ya mumewe mbele nyuma. Mwingine amefunga viatu masikioni. Mbele yao alikuwa Nyima Mkubwa, chekecheo juu ya kilemba, mkufu wa vitunguu vilivyonyauka shingoni, vitunguu vyake mwenyewe, na wembe mkononi. Nyima Mdogo hakuwa kanyaleng, watoto wake wako hai, lakini alibeba mkeka.

Kaddy aliikunja hotuba yake. Kanyaleng wakitania hawazuiwi. Imamu mwenyewe wameshamfanya atembee kinyumenyume, akacheka akawapa pesa.

Walimzunguka Ousainou. Walimtoa kwenye kiti chake kwa heshima zote, mmoja bega hili mmoja bega lile, wakamkalisha kwenye mkeka miguu mbele kama mtoto mchanga.

"Jamani, mtoto huyu kazaliwa lini?" alipaza sauti Nyima Mkubwa.

"Leo!" waliitika.

"Ameshapewa jina?"

"Bado!"

"Ninalo jina, mama," alisema Ousainou akitabasamu, akimtazama mkuu wake. Mkuu alikuwa anacheka, kwa hiyo naye akacheka. "Naitwa Ousainou."

"Haiwezekani. Ousainou tunaye."

Fatou Manneh, yule wa tatu, yule wa C, alisogea, akafungua kanga, akamtoa mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na meno mawili na alikuwa akitafuna jani la kitunguu. Alimkalisha kwenye mkeka, uso kwa uso na ofisa.

"Huyu ndiye Ousainou," alisema Nyima Mkubwa. "Alifika Farokoto kabla yako. Na sheria umeileta mwenyewe. Jina likishatokea mara moja?"

"Likija tena lisiingie!" walijibu wanawake, na vibuyu vikagonga.

"Basi wewe ni Ousainou 2."

"Ousainou 2! Ousainou 2!" Walimwimbia, wakampakia unga puani, wakamlisha mbegu chungu ya kola. Turubai lote lilikuwa linacheka, dereva wa mkuu amejishika tumbo. Mtoto alimvuta ofisa tai.

"Kama hulitaki hilo," alisema Nyima Mkubwa, "nina jingine la kukuazima. Jalala. Zuri, halina hata doa, nimelitunza."

Tabasamu la Ousainou likapungua. Alijaribu kuinuka, viganja vikamrudisha chini taratibu. Nyima Mkubwa alipiga magoti mbele yake, wembe ukiwa karibu na mstari wa nywele zake, pale wanaponyolewa watoto siku ya kupewa jina. Yeye hakuwa anacheka tena.

"Sema tu: mimi ni Ousainou 2. Sema, tukuachie uendelee na kazi yako safi."

"Sema, Ousainou, ni mchezo," alisema mkuu kutoka kwenye turubai. "Akina mama wanatania."

Ousainou alifungua mdomo. Neno lilifika kwenye meno. Alimtazama mtoto, akautazama wembe, akamtazama mwanamke aliyekuwa mbele yake na mkufu wa vitunguu vilivyokufa kwa kiu.

"Siwezi," alisema.

"Kwa nini? Ni namba tu."

"Ni jina la babu yangu. Nilipewa mimi."

Vibuyu vikanyamaza. Nyima Mkubwa aliukunja wembe, akauchomeka kwenye kilemba.

"Haya," alisema. "Nenda kaliandike hilo."

Aliinuka mwenyewe, unga bado puani. Alienda mezani, akafungua ukurasa wenye mistari ya amri, midogo kama sisimizi. Alikaa muda akiitazama. Kisha akabonyeza, mstari ukaondoka, na mwingine ukaufuata.

"Na mkwe wangu?" alisema Kaddy Fatty. "Nilishamwahidi kipande."

"Mkwe wako ana miguu," alisema Nyima Mdogo. "Kisima kile pale. Vyura wanamsubiri."

Ousainou alibofya kishale. Ngazi ya majina ikashuka, ndefu kuliko awali. Mkuu alikuwa ameinuka na soda yake, amesimama nyuma ya bega la kijana, miwani imepandishwa kwenye paji.

"Ousainou, hapa kuna jina linajirudia. Nyima Sanneh, Nyima Sanneh. Tuliongea habari hii mwaka jana."

"Halijirudii, mkuu. Ni watu wawili."

"Na utajuaje yupi ni yupi?"

"Nitauliza."

Mkuu alitazama foleni ya wanawake, akatazama wembe kwenye kilemba, akaona soda yake inapata joto, akarudi kukaa.

"Nyima Sanneh!" aliita Ousainou.

"Naam!" waliitika wote wawili.

"Yupi hana kadi?"

"Mimi," alisema Nyima Mkubwa, akapokea, na safari hii hakusema bismillahi kwa sauti. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba lake akagusisha. Kijani. Maji yalipotoka aliyaacha yapite juu ya miguu yake kwanza, kisha ndipo akaelekeza mfereji kwenye matuta, na kabla hata tuta la kwanza halijalowa, watu walimsikia akimfokea mke mwenzake kwamba amekanyaga ukingo wake, na mke mwenzake akimjibu kwamba ukingo ule ulikuwa umepinda tangu zamani kama mwenyewe.

Kijana alikuwa anafunga kompyuta alipoona kivuli mezani. Fatou Manneh amesimama pale, mtoto amesharudi mgongoni, anafinya ncha ya kanga yake. Nyuma yake walikuwa wamesimama kina Fatou Manneh wawili wengine, wamefuata kuona kama atathubutu.

"Mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo hata yeye mwenyewe akaona haitoshi, akaipandisha. "Hiyo C yangu. Itoe."